Mgeni wa Sekunde Thelathini

Picha ilikuwa nzuri sana, na ndiyo maana Gatsinzi alichelewa kuona kasoro yake.

Mwaka ule wa 2015 alikuwa mpakiaji wa ghala huko Louisville siku tano za juma na mpiga picha siku mbili zilizobaki, ingawa ukimuuliza kazi yake alianza na hiyo ya pili. Makanisa ya Wakongomani wa Louisville, Columbus na Buffalo yalimwomba picha za kalenda moja ya pamoja: maji ya kila mji, bila watu ndani. Akajiandaa kama anayehama nchi. Alichukua lenzi pana, tripodi nzito isiyotishwa na upepo, waya wa kufyatulia ili kidole kisitikise kamera, na kioo cheusi cha kufunika lenzi, ambacho alikipenda kuliko vyote. Ukikivalisha, kamera hukodoa jicho sekunde thelathini nzima. Maji yanalainika kama maziwa, na chochote kinachotembea, awe mvuvi au bata, kinafutika. Kinabaki kilichotulia tu.

Kwa Louisville alichagua miamba ya mto Ohio, upande wa ng'ambo, kwa kuwa mwezi wa kumi maji yanakuwa yameshuka na mawe yako wazi. Alifika alfajiri. Mkewe Kanyange na binti yao Mizero, wa miaka saba, aliwaacha wamesinzia garini, maana wangeunganisha moja kwa moja kwenda Columbus. Wavuvi watatu walikuwa wakihangaika na ndoano zao, mabata yanazozana, na pembeni kabisa ya maji alisimama mama mrefu aliyejitanda kitenge, ameuelekea mto.

Gatsinzi alifurahi. Mama wa kwetu, peke yake, kwenye baridi ile! Mmarekani angemwacha na shughuli zake. Lakini Gatsinzi alilelewa kwenye milima ya Kivu ya Kusini, na huko kumpita mtu bila kumkaribisha ni kumtukana.

"Mama, karibu kwetu nyumbani," alimwita. "Utakunywa hata chai."

Mama hakugeuka. Gatsinzi akapiga picha yake, akakunja tripodi, akarudi garini.

Huko ndiko alikoikagua. Wavuvi walikuwa wamefutika, mabata yamefutika. Yule mama alikuwepo, mistari yake yote imekolea. Upepo ulivuma sekunde zote thelathini, wala pindo la kitenge halikuwa limetikisika. Kuna watu watulivu, akajisemea, akacheka peke yake, na kicheko hakikumkaa.

Njiani gari lilianza kunuka matope ya mto. Kanyange akafungua dirisha, akafunga, akafungua tena.

"Daddy, she's cold," Mizero alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Nani anasikia baridi?" mama yake akauliza.

Mtoto akageukia nafasi tupu kando yake.

Jioni waliingia Whitehall, pembeni ya Columbus, kwa Theogene, mdogo wake Gatsinzi. Theogene aliwapokea kwa kelele na kukumbatiana, akawatazama mmoja mmoja, akachungulia nje.

"Kaka, na ule mama yenye alishuka nyuma pamoja na mutoto, ameenda wapi?"

"Mama gani?"

"Donc, alimushika mutoto mukono. Mie nilizania ni mama mukwe."

Gatsinzi alimtazama mkewe, na mkewe akatazama zulia, ambako nyayo za Mizero zilikuwa kavu na pembeni yake pana nyayo kubwa zilizolowa.

Kesho yake mchana alikwenda kwenye maporomoko madogo aliyokuwa ameyachagua tangu Louisville, akasema moyoni kwamba kazi ni kazi. Mizero alimfuata, akasimama mbele ya lenzi. Haidhuru, atafutika; huyu mtoto kanisani hawezi kutulia hata sekunde tatu. Akafyatua. Akahesabu mpaka thelathini. Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera, Mizero alikuwa ametulia kama nguzo, mkono ameunyosha juu, na aliyeushika alikuwa yule mama, kitenge kilekile, mgongo uleule, maji yakimpita miguuni kama maziwa.

Gatsinzi alimbeba mwanawe mbio. Mwili wake ulikuwa baridi, na mikono ya sweta imelowa mpaka kwenye viwiko.

Hawakulala tena Whitehall. Walielekea Buffalo, kwa mama Kornelia, mzee anayeongoza maombi, na njia nzima Mizero hakusema wala hakupepesa macho, na nyuma ya kiti maji yalidondoka, tone, halafu tone, ingawa kila Kanyange alipopapasa sakafu aliikuta kavu, akaendelea kupapasa, huku akinong'ona zaburi ambayo maneno yake yalikuwa yakimponyoka.

Mama Kornelia aliwaombea tangu asubuhi hadi saa tisa mchana, mpaka leso yake ikalowa jasho. Harufu ya matope haikupungua. Mwishowe akanyamaza, akamkazia macho Gatsinzi.

"Bon. Nani alimukaribisha?"

Gatsinzi akaeleza maneno aliyosema kule mtoni.

"Mwanangu, pepo yenye inakuja yenyewe, tunaifukuza kwa jina ya Yesu. Hii uliileta na kinywa yako. Mugeni, hatumufukuzake. Tunamusindikiza."

"Mpaka wapi, mama?"

"Mpaka yeye mwenyewe akuambie rudi. Kabla ya pale usigeuke. Na ufanye haraka, mutoto anakuwa jiwe."

Gatsinzi alikuwa na orodha ya fukwe za ziwa Erie zenye mwanga mzuri wa machweo. Akachagua iliyo karibu. Kamera akaiacha kwa Kornelia. Kanyange alibaki garini na mtoto mapajani, na Gatsinzi akafungua mlango wa nyuma kwa heshima, kama anayemfungulia mkwewe.

"Mama, asante kwa kututembelea. Twende nikusindikize."

Kiti kilipumua. Akaanza kutembea kwenye mchanga bila kutazama pembeni, akisikia kitenge kilicholowa kikiburuzika karibu na goti lake, na maji yakamfika kwenye viatu, kwenye magoti, kwenye mkanda, baridi ikimkata pumzi, na yule mgeni hakusema rudi, na Gatsinzi akaendelea, kwa sababu nyuma yake alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na maji yakafika kifuani, yakafika shingoni, akafumba mdomo na kunyanyua kidevu, na hapo ndipo sauti ya upole, ya kike, ikamgusa sikio.

"Rudi. Umefika mbali."

Kutoka ufukweni kilio kikapasuka, cha mtoto mzima mwenye nguvu zake: Mizero alikuwa akidai chakula. Gatsinzi alilia kwa furaha, akageuka, akaanza kukanyaga kurudi.

Alipokanyaga mchanga mkavu, akasikia kitenge tena.

"Umenisindikiza vizuri," sauti ilisema. "Bon, sasa na mimi nikusindikize."

Gatsinzi alisimama. Ni desturi yao, angewezaje kuisahau? Mgeni aliyeheshimiwa hurudisha heshima, na wawili hupelekana hivyo, huku na huko, mpaka mmoja afike kwake; na kwake Gatsinzi ni pale alipo Mizero.

Kanyange alikuwa tayari amefungua mlango wa gari, uso umeng'aa, Mizero amening'inia shingoni mwake, mwili una joto tena.

"Baba Mizero! Amepona! Ingi..."

"Nyamaza!" alipiga kelele. "Usiseme! Usinikaribishe!"

Mkewe akamtazama, kisha akatazama mahali patupu penye mchanga uliolowa kando ya mumewe. Akafunga mlango.

"Endesha, Mama Mizero. Mupeleke mutoto akule."

Alisubiri mpaka taa nyekundu zikazama barabarani. Baridi ilimwingia mifupani, na alitamani sana nyumba yake. Akaugeukia ufuko mrefu.

"Twende basi, mama," alisema. "Nikusindikize tena kidogo."