Meno ya Maziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana wa darasa la sita alimsugua meno mdogo wake wa miaka mitatu. Nyumbani walimwita Bosi, kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu. Asubuhi hiyo Bosi aliutupa mswaki sakafuni na kuangua kilio. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba na lina moto.

"Mama, njoo umwone! Lile jino la nyuma sasa limetoboka!"

Mama, aliyekuwa fundi cherehani, aliacha gauni la watu kwenye mashine akainuka. Kabla hajafika, shangazi alikuwa ameshatia neno. Yeye ndiye aliyemlea Bosi mchana, na ulimi wake uliogopwa nyumba nzima.

"Jino la maziwa hilo, litang'oka lenyewe. Nani anampeleka mtoto mdogo hivi kwa daktari wa meno? Mpeni chupa yake alale."

"Chupa ndiyo inayomharibu, shangazi. Unamwachia maziwa ya sukari mdomoni mpaka anasinzia."

"Meno ya maziwa, halafu nimnyime maziwa? Huko shuleni mnafundishwa kujibizana na wakubwa?"

Msichana alipaza sauti kwa hasira. "Hajala tangu jana!"

"Nyamaza wewe!" mama alimkemea, kisha akamgeukia shangazi. "Na wewe wifi, basi! Kila nikitaka kumpeleka unasema ningoje. Nimengoja vya kutosha."

"Nendeni! Mkirudi na mtoto kibogoyo msinililie."

Hata hivyo alijitupia mtandio akawafuata. Alitaka kuona kwa macho yake wakiumbuka.

Daktari wa meno hakuwa mtu wa kubembeleza wakubwa. Alimkagua Bosi akiwa amepakatwa na mama, akakunja uso.

"Pana usaha. Jino hili haliponi tena, lazima ning'oe. Nani anamlaza na chupa?"

Mama alimtazama wifi yake. Shangazi alitazama dirishani.

"Kuitwa jino la maziwa hakumaanishi kwamba linastahimili maziwa ya sukari," daktari aliendelea. "Na chini yake linajengeka jino la ukubwani, linaweza kuharibika pia. Mtoto aletwe jino la kwanza linapotokeza, kabla hajatimiza mwaka. Msingoje mpaka alie."

Bosi alichomwa sindano ya ganzi, jino likatoka. Alimwamrisha daktari aondoke chumbani, lakini hakuna aliyecheka.

"Nisameheni, wanangu," mama alisema. "Niliogopa ugomvi, nikamwacha mtoto aumie. Afya ya mtoto haingoji watu wapatane."

Msichana alimbeba Bosi akampita shangazi. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani. Walipofika mlangoni, shangazi alirudi nyuma akamkabili daktari kama anayetaka ugomvi.

"Mjukuu wangu ana jino moja tu. Na yeye nimlete?"

"Mlete."

"Kwa jino moja?"

"Moja linatosha kuoza."