Maoni ya Ng'ambo ya Pili

Daraja namba mbili lilianguka saa moja na nusu asubuhi, mbele ya umati, na aliyeliangusha hakuwa na pa kukimbilia.

Lilikuwa daraja la mbao nyembamba na gundi, refu kama mkono wa mtu mzima. Lilikaa juu ya meza pamoja na wenzake wawili, pale mdomoni mwa daraja la zamani ambapo watu wa ng'ambo hubanana kila asubuhi kuingia mjini. La kwanza lilikuwa la matao. La pili la nyaya. La tatu lilikuwa bapa, pana, lisilo na maringo yoyote. Nyuma ya meza alisimama ofisa wa maoni, binti wa miaka ishirini na saba mwenye miwani mikubwa, sketi ya kijivu iliyonyooshwa kwa pasi na kizibao cha rangi ya machungwa kilichompwaya. Kazi yake ilikuwa kuwauliza wananchi wanataka daraja jipya liwe na sura gani. Wananchi, kwa upande wao, walitaka tu kuwahi kazini.

"Ngazi inapita! Samahani, ngazi!" mtu alipaza sauti, lakini ngazi ilikuwa imeshapita. Ncha yake ya nyuma ilifagia nguzo ya daraja la nyaya, ikalibwaga chini.

"Umeangusha daraja," binti alisema, mikono kiunoni.

"Afadhali limeanguka sasa, halijabeba mtu."

"Na unacheka?"

"Sicheki, dada. Ndivyo uso wangu ulivyoumbwa."

Alikuwa mchora mabango, mrefu, amevaa ovaroli ambalo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeweza kuiapia. Alitua makopo yake ya rangi, akatoa gundi mfukoni, akapiga magoti. Binti naye akainama kushikilia nguzo ikauke. Dakika kumi ni nyingi mno kwa vijana wawili walioinamia kitu kimoja, na mimi simlaumu hata mmoja wao.

"Haya, jaza fomu unilipe fidia," binti alisema.

"Nitajaza ukinipa namba yako ya simu."

"Fomu haina sehemu ya namba yangu."

"Basi hayo ndiyo maoni yangu. Iongezwe."

Aliondoka na namba. Kufikia wiki iliyofuata yeye alikuwa anaitwa Rangi, binti anaitwa Bi Daraja, na simu zao zilikuwa za moto kwenye mashavu.

"Bi Daraja, umekula?"

"Sijala. Nimehesabu fomu."

"Fomu hazishibishi, mpenzi. Nije?"

"Njoo. Ila ngazi iache huko huko."

Raha yao ingekuwa kamili kama si jambo moja. Wiki tatu zilipita, na meza ya upande wa mjini ilikuwa imekusanya fomu zaidi ya mia saba, karibu zote zikitaka matao, maana matao yanapendeza kwenye picha. Meza ya ng'ambo, aliyosimamia Bi Daraja, ilikuwa na fomu tisa. Tisa tu! Na daraja la matao lilikuwa na ngazi tisini na nne kila upande. Ng'ambo ndiko waliko wasukuma mikokoteni, wabeba mizigo, na mama mdogo wa Rangi, mshonaji aliyemlea tangu utotoni, anayetembea kwa magongo mawili. Maoni yakifungwa hivyo, watu hao wangejengewa daraja wasiloweza kulipanda.

"Wananikwepa," Bi Daraja alilalamika. "Nikitoa kalamu tu, mtu ananiambia anarudi sasa hivi. Harudi."

"Nipe hizo fomu nikazunguke nazo," Rangi alisema. "Mimi kule ni mtoto wa nyumbani."

Alimpa. Baada ya siku nane alirudi na bahasha imevimba. Fomu mia mbili na kumi na mbili! Bi Daraja alimrukia shingoni hadharani, kizibao na yote, akazihesabu harakaharaka bila kusoma hata moja. Kisha akatia saini kwenye jalada, chini ya maneno yaliyosema kwamba ameshuhudia kila mwananchi akijaza yake. Hakuwa ameshuhudia hata mmoja. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hutia saini ovyo.

Jumatatu aliitwa mbele ya kamati ya daraja. Fomu zilikuwa zimetandazwa juu ya meza ndefu, na Mhandisi Mkuu, mzee wa sauti ya chini, alizinyooshea kidole.

"Binti yangu, hizi zote zimeandikwa na mkono mmoja."

Bi Daraja aliinama kutazama. Herufi zilikuwa nzuri kupita kiasi, zimenyooka, kila R ikiwa na mkia uliopinda. Mkono ule ule ulioandika bango la kinyozi, la fundi viatu, na hata kibao cha mlango wa ofisi ile waliyokaa.

"Unamfahamu aliyeziandika?" Mhandisi aliuliza.

Unga ulikuwa unamwagika mbele ya macho yake. Alifikiria miaka minne ya kuomba kazi, akafikiria mama yake aliyewatangazia majirani wote kwamba binti yake anajenga daraja.

"Simfahamu," alisema. "Simjui kabisa mtu huyo."

Mlangoni kitu kilianguka kwa kishindo. Rangi alikuwa ameleta ubao wa matangazo waliouagiza, na alikuwa amesimama pale muda wa kutosha. Aliuokota, akauegemeza ukutani taratibu, akaondoka.

Bi Daraja alimpigia simu akiwa kwenye korido, amekasirika ili asilie.

"Umenimaliza, Rangi! Umekaa chini ukapika maoni ya watu mia mbili!"

"Sijapika. Nimeandika walichosema."

"Fomu inasema kila mtu ajaze kwa mkono wake!"

"Inasema wapi?"

"Chini kabisa."

"Kwa viherufi vile vya sisimizi? Mimi ndiyo kazi yangu, Bi Daraja. Kitu unachotaka watu wakisome hukiandiki hivyo. Wale watu wengi hawajui kuandika, na wanaojua mikono imeshika mizigo. Ndiyo maana walikuwa wanakukimbia wewe na kalamu yako. Wanaona aibu."

"Ungeniambia!"

"Ungesoma. Lakini hilo halijaniuma. Kuna mtu nilikuwa nampeleka nyumbani Jumapili kwa mama mdogo. Leo nimesikia hanijui kabisa."

Simu ilikatika. Alipopiga tena, haikuwa hewani.

Siku iliyofuata alikaa kwenye benchi la korido na fomu zilizokataliwa mapajani, akaanza kufanya alichopaswa kufanya mwanzo. Alisoma. Msukuma mkokoteni alitaka mteremko, si ngazi, "kwa sababu gurudumu halina magoti." Mwanamke muuza mkaa alitaka vizuizi vya pembeni vimfike mtu kifuani, kwa kuwa mume wake alidondoka kwenye daraja la zamani siku ya mvua na hakuonekana tena. Mzee mmoja alitaka rangi nyeupe, macho yake yanaona nyeupe tu. Fundi viatu alisema daraja lolote ni sawa, "ila huyo dada wa miwani apunguze haraka, aliniuliza swali akaondoka kabla sijafungua mdomo."

Alimkumbuka yule fundi viatu. Alikumbuka alivyomwacha mdomo wazi. Hakuna mtu angeweza kubuni jambo lile, na Rangi hakuwa amebuni lolote. Aliwasikiliza tu, mmoja mmoja, siku nane.

Aliingia kwa Mhandisi Mkuu bila kubisha.

"Mzee, nakuomba. Zisitupwe. Ni maneno yao."

"Nitajuaje?"

"Niwapelekee niwasomee. Wanaokubali waweke dole gumba."

Mzee alitazama kalenda. "Ijumaa, saa kumi alasiri, dirisha la karani linafungwa. Na dole gumba halitoshi. Aliyeandika aje mwenyewe, mbele yangu, atoe maelezo. Bila yeye, nazitupa."

Siku tatu zile Bi Daraja hakuwa mtu wa kutamanika. Sketi iliota vumbi, vidole viliota wino, sauti ilikauka kwa kusoma. Alisomea watu vizingitini, sokoni, kwenye foleni ya maji. Wengi walimalizia sentensi kabla yake. Muuza mkaa alisikiliza yake hadi mwisho, akaweka dole gumba, kisha akaomba asomewe tena. Ila kila alikouliza Rangi yuko wapi, watu walitazama kando.

Ijumaa mchana alibakiza nyumba moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama mdogo hakuinua macho kwenye cherehani, magongo yake ameyalaza kando. "Wewe ndiye usiyemjua mwanangu?"

"Ndiye mimi." Alianza kulia papo hapo, bila hata kukaribishwa kiti. "Mama, nimekosa. Niliogopa kumwaga unga nikamkana. Nipige, nitukane, ila niambie yuko wapi."

"Kukupiga kutanisaidia nini na mimi miguu sina?" Mama mdogo aliweka dole gumba kwenye fomu yake kwa nguvu kama anagonga mhuri. "Amepata kazi ya mwaka mzima ya kupaka kiwanda, mbali huko. Basi linaondoka saa tisa. Kimbia, mwanangu. Usisimame kuniaga."

Alikimbia. Kiatu kimoja kilikatika kisigino njiani, akavivua vyote viwili. Alimkuta Rangi kituoni, mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, amevaa shati jeupe safi lisilo na tone la rangi, na usafi ule ulimtisha kuliko kitu chochote.

"Rangi! Usipande!"

Aligeuka. Alimtazama miguu mitupu, vidole vyeusi vya wino, bahasha.

"Wote wamekubali," Bi Daraja alisema akihema. "Wote. Hukubadilisha hata neno. Lakini zinatupwa saa kumi usipokuja kutoa maelezo."

"Kwa hiyo umefuata maelezo."

"Rangi..."

"Nakuuliza tu. Umefuata maelezo au umenifuata mimi?"

Kondakta aligonga bati la basi. Bi Daraja angeweza kumdanganya, maji yalikuwa yamemfika shingoni, na uongo mdogo ungemtoa. Lakini alikuwa amechoka na uongo.

"Nimefuata maelezo," alisema. "Bila hayo, leo ningekuwa chumbani kwangu naona aibu kuja. Ningekuja wiki ijayo, au ningekuja kiwandani kwako mwezi ujao. Ningechelewa, Rangi, lakini ningekuja. Nakupenda na mimi ni mwoga. Yote mawili ni kweli."

Rangi alimtazama kwa muda mrefu kuliko dereva alivyopenda. Kisha akautoa mfuko wake ndani ya basi.

"Sirudi kwa ajili yako," alisema. "Narudi kwa ajili ya muuza mkaa."

"Sawa."

"Usiseme sawa. Tembea."

Foleni ya daraja la zamani ilikuwa ya kukatisha tamaa, mikokoteni na watu katika njia moja nyembamba, na hawakusemezana hadi walipovuka. Walifika dirishani saa kumi kasoro dakika nne. Mhandisi Mkuu alitoka, karani akafungua daftari. Rangi alieleza kila kitu: alikaa wapi, alimuuliza nani, kwa nini aliandika yeye. Mzee alifungua fomu moja baada ya nyingine, akitazama madole gumba, akitikisa kichwa kwa kukubali.

"Swali la mwisho," karani alisema. "Una uhusiano gani na ofisa aliyekusanya maoni haya?"

Bi Daraja alielewa maana ya swali hilo, na Rangi pia alielewa. Jumatatu aliiambia kamati hamjui mtu huyo. Jibu moja lingemuumbua.

Rangi hakumtazama. "Sina uhusiano naye," alisema kwa upole. "Hatufahamiani."

Karani alishusha kalamu kuandika. Yalikuwa maneno ya Bi Daraja mwenyewe, na Rangi alikuwa anamrudishia ili ajifunike nayo, abaki na kazi, abaki na kizibao. Hakuweza kuyavumilia.

"Usiandike," alisema. "Ananilinda. Namfahamu. Nilimpa fomu mwenyewe na sikuzisoma, nikatia saini kwamba nimeshuhudia. Jumatatu niliwadanganya nyote. Ni mchumba wangu."

Mhandisi Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wananchi hawana kosa," alisema mwishoni. "Karani, pokea maoni yao yote. Wewe, binti yangu, kizibao na kitambulisho viache hapo mezani."

Alivivua. Alikikunja kizibao vizuri, akaviweka vyote viwili, akatoka nje miguu mitupu hadi barazani. Aliketi kwenye ngazi akalia kwa sauti, bila kujali nani anapita. Miaka minne ya kuomba kazi ilikuwa imeishia pale. Rangi alisimama mbele yake, mfuko begani, hajui aweke wapi mikono.

"Mchumba tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mle ndani." Alijifuta machozi na kujipaka wino usoni. "Kama hutaki, rudi ukawaambie nimewadanganya tena."

"Huna kazi."

"Najua."

"Na mimi basi langu limeondoka na kazi yangu."

"Najua, Rangi."

Alichuchumaa, akafungua mfuko, akatoa kandambili zake kubwa, akamvalisha moja baada ya nyingine.

"Basi twende ukamwambie mama mdogo mwenyewe," alisema. "Nimemuaga mchana naenda kazini. Nikirudi jioni na mke, mimi hataniamini."