Nani Alimuuliza Maka?

Lul alikuwa muuza maziwa ya ngamia mjini Garissa. Kila asubuhi magari yalileta madumu ya maziwa kutoka malishoni, naye aliyanusa dumu moja moja. Yaliyotiwa maji aliyarudisha, na mwenye nayo akapata maneno yake. Wateja walimwogopa kidogo, na walimpenda.

Lakini ukali huo ulikuwa wa sokoni. Nyumbani Lul alijua kunyamaza. Mambo ya nyumba ya mtu ni sitara. Mama yake alimfundisha hivyo tangu utotoni.

Jirani yake aliitwa Dekow. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa miiba tu. Zamani Dekow alikuwa mtu wa ngamia, kule Hadado. Ukame wa 1992 ulimmalizia ngamia wote. Akaja mjini na mkewe, Weris, na binti zao wawili. Akanunua punda na mkokoteni, akawa anauza maji ya mto. Mwaka wa 1994 Weris alifariki akijifungua, na kichanga akamfuata. Dekow akabaki na Hani, wa miaka minane, na Maka, wa miaka minne. Tangu msiba ule aliongea na punda wake zaidi kuliko alivyoongea na watu.

Hani hakwenda shule. Alikuwa akiosha vyombo katika hoteli ya chai mpaka alasiri. Na Maka je? Watu hawakuuliza. Mlango ulikuwa na kufuli mchana kutwa, na ndani kimya. Walidhani mtoto yuko na dada yake. Lul naye alidhani hivyo, au alijifanya kudhani.

Ijumaa moja Dekow alikwenda msikitini, akaacha mlango bila kufuli. Maka akatoka, akaja kwenye ua, akanyoosha mkono. Lul akampa kikombe cha maziwa. Mtoto alipokuwa akinywa, Lul aliangalia mguu wake. Juu ya kifundo palikuwa na alama nyeusi. Ilizunguka mguu mzima, na ngozi ilikuwa imechubuka.

Lul alizaliwa malishoni. Alama ile aliijua. Ngamia hufungwa miguu kwa kamba ili asitangetange. Kamba ikikaa mno, huacha alama ya namna hiyo hiyo. Lakini hii ilikuwa kwenye mguu wa mtoto. Lul akachutama mbele yake. Akamuuliza nani amemfunga.

"Aabo," alisema Maka, yaani baba. "Nisiende mtoni."

Jioni Hani alimweleza zaidi. Siku moja Maka alimfuata baba yake mpaka mto Tana, na mamba wa Tana hawana mchezo. Mvuvi mmoja ndiye aliyemwahi. Tangu siku hiyo, Dekow akitoka kwenda kazini, alimfunga Maka kwenye nguzo ya nyumba. Hakuwa mkatili, maskini. Alikuwa na woga. Amekwisha kumzika mke na kichanga, hakutaka kumzika mwingine.

Lul akamwambia mumewe, Issack. Issack alikuna kichwa. Yeye na Dekow walikuwa wa koo mbili tofauti, na koo hizo ziliwahi kugombania kisima mpaka watu wakafa. Mwanamke wa huku akisema vibaya juu ya nyumba ya kule, moto utawaka. Jambo hili lina njia yake, alisema Issack. Njia yenyewe ni wazee.

Basi wazee wakakaa maslaha, kikao cha suluhu, uani kwa Issack, watatu wa kila upande. Lul hakuitwa. Alipika chai, akasikia kila neno kupitia pazia. Je, mke wa Issack aliingia nyumbani kwa Dekow bila ruhusa? Je, Dekow ametukanwa? Heshima ya nani imevunjwa? Waliongea mpaka adhuhuri, kwa busara na methali nzuri nzuri. Maka alikuwa hatua ishirini kutoka pale, nyuma ya ua. Hakuna aliyenyanyuka kwenda kumtazama mguu.

Mwishowe wakaamua. Issack achinje mbuzi kwa maneno ya mkewe. Dekow asamehe, na awaangalie watoto wake vizuri. Jambo limefungwa, na atakayelifungua tena atalipa ngamia. Wakasoma Fatiha, wakala mbuzi. Dekow alikula kidogo sana.

Issack alikuwa amebakiwa na ngamia mmoja tu, jike wa maziwa. Alimwambia mkewe kwamba sasa amesikia mwenyewe, ulimi una gharama. Lul akafunga mdomo. Wiki ya kwanza alikuwa na hasira na kila mtu sokoni. Wiki ya pili alimpa Hani maziwa ampelekee mdogo wake, akajiambia kwamba ametimiza wajibu. Wiki ya tatu Ijumaa ilifika, na Maka hakutoka. Dekow alisema mtoto ana homa.

Jumatatu asubuhi Hani alisimama mlangoni kwa Lul.

"Eeddo, una ubani kidogo?"

Eeddo ni shangazi, na watoto wa Dekow walimwita Lul hivyo. Lul alimuuliza ubani wa nini.

"Nyumba inanuka," alisema Hani. "Mguu wa Maka unanuka."

Lul aliacha madumu yake wazi, yakaingia nzi. Akakimbia mpaka kliniki ya mama na mtoto. Huko alikuwako muuguzi aliyeitwa Maryan, mzaliwa wa Garissa na mteja wake wa kila siku. Lul alianza kwa kuzunguka. Akasema ana rafiki, na rafiki huyo ana jirani, na jirani huyo ana mtoto.

Maryan akaweka kalamu chini. "Lul, wewe huna rafiki mwenye haya namna hiyo. Sema."

Lul akasema yote. Alisema habari za alama, za wazee, za mbuzi na za ngamia.

"Wazee wamempatanisha Issack na Dekow," alisema Maryan. "Ni vizuri. Lakini nani alimuuliza Maka?"

Lul aliinamisha kichwa. Alisema alitaka kumsitiri jirani yake, kama dini inavyofundisha.

"Sitara ni kwa kosa lisilomdhuru mwingine," Maryan alijibu. "Mguu wa mtoto unaooza si siri ya baba yake. Mtoto ni amana, walaal, dada yangu. Ni amana yetu sote."

Lul akasema kwamba hata kamba yenyewe hakuiona kwa macho yake. Hana ushahidi. Na je, wakimtia Dekow jela, watoto watalelewa na nani? Maryan alimvuta mkono, na njiani akamweleza upesi upesi. Kutafuta ushahidi si kazi ya jirani. Kazi ya jirani ni kusema alichokiona, siku gani na mahali gani. Unaweza kumwambia mwalimu, muuguzi, chifu, polisi au afisa wa watoto. Ukiogopa, omba jina lako lisitajwe. Na ofisi haianzi na jela. Inaanza na mtoto, halafu inatazama mzazi amekwama wapi. Kuchelewa ndiko kunakoharibu, kwa sababu wakati huo hata mzazi hawezi kusaidiwa tena.

Afisa wa watoto wa wilaya alikuwa mwanamke aliyetoka Kenya, kama watu wa huku wanavyosema mtu akitoka ng'ambo ya daraja la Tana. Maryan alitaka kumtafsiria Lul. Lul akakataa. Alisema mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mguu ya mtoto iko na alama ya kamba. Mimi naona Ijumaa, sasa wiki tatu imeisha. Leo dada yake anasema inanuka."

Afisa aliandika. Aliuliza nyumba iko wapi, mtoto ana umri gani, na kama yuko ndani wakati huo. Hakuuliza ukoo wa mtu yeyote. Kisha akainuka, akampitia chifu, wakaenda.

Walimkuta Dekow njiani na mkokoteni wake. Hakubisha. Alifungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe. Ndani, Maka alikuwa amelala kwenye mkeka, macho nusu wazi. Mguu wenye kidonda ulikuwa umepakwa samli na kufungwa kitambaa kisafi. Kamba ilikuwa imehamishiwa mguu wa pili. Chifu alikuwa mtu mzima, ameona vita na ukame. Alitoka nje mbio, akatafuta gari.

Hospitalini walifanya walichoweza. Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari alisema kama siku mbili zaidi zingepita, wangekuwa wanazungumza juu ya sanda.

Dekow alipelekwa mbele ya hakimu. Afisa wa watoto alieleza habari zake zote, za mke, za ngamia na za mto. Hakufungwa. Aliwekwa chini ya uangalizi wa ofisi, na afisa akamwandikia dada yake Dekow, Bishara, aje kutoka Hadado akae na watoto. Bishara akaja. Nyumba haikuwa na kufuli tena. Hani akaingia darasa la kwanza, mrefu kuliko wenzake wote, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa akimsomea Bishara maandishi ya magunia. Maka alijifunza kutembea kwa mkongojo. Alinenepa, akaanza tena kucheka.

Na ngamia? Mkubwa wa wale wazee alikwenda hospitalini, akasimama kando ya kitanda, akarudi nyumbani. Ngamia hakudaiwa. Siku hizi akiletewa jambo la mtoto, yeye huuliza kwanza kama mtoto ameonekana na muuguzi, na kama ofisi imeambiwa. Maslaha ya watu wazima yatangoja.

Dekow hakusema na Lul kwa miezi mitano. Alijua ni nani aliyekwenda ofisini. Halafu asubuhi moja alimletea maji, akajaza pipa lake mpaka juu, akasimama pale na ndoo tupu mkononi.

"Siku ile uliyoona mguu," alisema, "ulijua kwamba ile ofisi ipo?"

"Nilijua," alisema Lul. "Napita mlangoni kwao kila siku na maziwa."

Dekow alitikisa kichwa polepole.

"Ungekwenda siku ile," alisema. "Ningekuchukia, Lul. Lakini bora ungekwenda."