Figo ya Mzee Pazi

Ndani ya Mlezi, mashine ya kioo yenye ukubwa wa pipa, figo ya mtu aliyekwisha kuzikwa ilikuwa ikitoa mkojo.

"Siku ya tisa leo," Daktari Nzowa alimwambia Kalunde Maganga, fundi cherehani wa Dodoma ya mwaka 2074. "Ilikuja imechoka. Mzee Pazi alikuwa na miaka sabini na tatu, na presha juu. Mlezi imeiosha na kuzibua vimishipa."

"Hata ya dada yangu mlisema nzima."

Kalunde alikuwa hajasahau. Miaka ishirini nyuma, wakubwa walipanda ndege kufuata figo za vijana; dada yake, Nyamizi, akapewa ya kikongwe na kuambiwa ashukuru. Mwaka wa sita mwili ukawa umeitafuna polepole mpaka ikaisha. Hakuna mkubwa aliyeulizwa.

Daktari hakubisha. Alieleza kuwa safari hii Mlezi imeotesha pia uloto, ule ute wa ndani ya mifupa ya mzee unaozaa askari wa damu. Wangewafuta askari wa Kalunde, kisha wa mzee waote pamoja na wapya wake, wasiione figo kuwa ngeni.

"Ila kinga zako zote za utotoni zitapotea. Surua, polio, pepopunda. Mwaka mzima hutambeba mjukuu."

Kalunde akairudisha kalamu juu ya fomu. Mjukuu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa.

Bi. Chausiku, mjane wa Mzee Pazi, akacheka kiutani pale mlangoni. "We Mnyamwezi! Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani, wewe figo moja inakushinda?"

"Wazaramo nyie! Hata mkifa mnatafuta pa kulala bure." Kalunde akachukua kalamu, akatia sahihi.

Baada ya mwaka walipima kipande cha figo. Hakikuwa na kovu. Vidonge vya kuzuia mwili usiikatae, ambavyo Nyamizi alivimeza mpaka siku ya mwisho, Kalunde akaachishwa. Mwaka wa sita ulikuwa bado mbali, naye alikuwa akiuhesabu. Lakini usingizi ulikuwa umerudi.

Zilibaki chanjo. Serikali iliyonunua Mlezi kumi na mbili kwa mbwembwe haikukumbuka kuweka dirisha la watu wazima, kwa hiyo Kalunde alikaa kwenye benchi la kliniki ya watoto, kadi ya mtoto mkononi, huku kichanga cha jirani kikimvuta kilemba. Bi. Chausiku alikuwa amemsindikiza.

"Kalunde Maganga!" muuguzi akaita bila kuinua macho. "Mama yake yuko wapi?"

Benchi zima likageuka. Bi. Chausiku akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Mimi hapa, mwanangu. Na baba yake tumekuja naye."