Siti ya Watu Wawili

Kitendawili: wawili wako safari moja, mmoja anaona njia, mwingine anaona mgongo. Wewe fikiri taratibu. Jibu tutalikuta mbele.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mtaa wa vipuri umejaa hadi mtu akitaka kupiga chafya aombe nafasi. Vyuma vinagongwa, redio tatu zinashindana, wauza matairi wanaita wateja kana kwamba wateja wote ni viziwi. Katikati ya zogo hilo akaja mwanamume anasukuma pikipiki kubwa nyeusi, siti yake imepasuka, sponji liko nje. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingekata karatasi, na shingoni amening'iniza kwa uzi kile kilenzi ambacho mafundi saa hukibandika jichoni.

Akasimama mbele ya kibanda cha mwanamke aliyeinamia cherehani, aproni ya turubai, kilemba cha njano, pini zimepangwa mdomoni. Mtaa mzima walimwita Sindano, kwa kazi yake ya kushona siti na kwa ulimi wake.

"Nataka siti mpya," alisema yule mwanamume.

Sindano akatoa pini. "Ya mtu mmoja?"

"Ya watu wawili."

Akamtazama nyuma, akamtazama ubavuni. "Mwenzako yuko wapi?"

"Sijamjua bado."

"Sasa upana wake nitaupimaje?"

"Pima wako."

Sindano alizirudisha pini mdomoni upesi, asije akacheka mbele ya mteja. Siti ilichukua siku mbili kushonwa, lakini mwenye pikipiki aliendelea kuja wiki tatu. Kila akifika husema, "Nipe dakika moja tu," halafu anakaa saa nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndipo Sindano alipomwita Dakika, na jina likamganda.

Dakika alikuwa na meza yake chini ya ngazi za jengo la maduka, karibu na dirisha. Vidole vyake viliweza kuokota skrubu ndogo kuliko ufuta na kuiweka mahali pake bila kupumua. Siku moja Sindano alisimama akamtazama akifanya kazi hiyo, akamwambia, "Mikono hii nimeipenda kabla sijakupenda wewe." Alisema kwa utani. Dakika hakulisahau neno hilo.

Wakapendana miaka miwili. Kila Jumapili walipanda pikipiki wakaenda mpaka lami iishe. Kwa kuwa njiani upepo unachukua maneno, walijitengenezea lugha. Sindano akimgonga bega la kushoto mara moja, ni punguza mwendo. Mara mbili, simama. Mara tatu ni nipo. Na Dakika, ambaye mkono wa kulia hauwezi kuachia mafuta, hujibu kwa mkono wa kushoto, anampapasa goti.

Marehemu aliyemfundisha Dakika kazi alikuwa akimsimulia habari za saa ya mnara katika mji mmoja wa milimani, nchi ya tatu kutoka kwao, saa ambayo kila mshale wake una kimo cha mtu mzima. Dakika akasema, "Twende kwa pikipiki. Tukifika chini ya mnara, nina neno la kukuambia."

Sindano alimpigia simu shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Shangazi, ana neno."

"Mwanamume hasafiri nchi tatu kwa ajili ya neno, anasafiri kwa ajili ya pete. Umeshona nguo?"

"Ya kijani."

"Akikuvisha nipigie, hata kama niko bafuni."

Lakini Dakika hakuwa na pete. Miezi mitatu na ushei kabla ya safari hiyo, skrubu zilikuwa zimeanza kumponyoka. Akaenda kwa daktari. Daktari alimchomachoma mkono wa kushoto kwa kipini, akauliza kila mara, "Hapa je?" na Dakika akajibu kila mara, "Bado hujanichoma." Mishipa ya fahamu inakufa, daktari akamwambia, kuanzia shingoni kwenda chini. Haitarudi. Huenda ikahamia upande wa pili. Na pikipiki aiache.

Hakuiacha; vidole bado vilibana klachi, mradi avitazame. Neno alilolibeba lilikuwa kwamba chini ya ule mnara amwache Sindano aende zake, angali kijana, kabla hajawa wa kumfunga vifungo vya shati. Aliliona ni jambo la kiungwana. Wanaume wengine hupenda kuamua peke yao mambo ya watu wawili, halafu huuita uamuzi huo uungwana.

Siku tano za kwanza zilikuwa nzuri. Walivuka mpaka wa kwanza, wakavuka wa pili, wakapiga picha wamejaa vumbi. Kitu kimoja tu kilimkera Sindano: akigonga mara tatu, goti lake halipapaswi. Siku ya kwanza alidhani amechoka. Siku ya nne aliacha kugonga.

Siku ya sita mvua iliwakuta milimani. Barabara ilikuwa nyembamba, upande mmoja jabali, upande mwingine ukungu mtupu. Mkanda wa mizigo ukalegea, Sindano akauona mkoba wake unaning'inia. Akagonga mara mbili. Dakika hakupunguza mwendo. Akagonga mbili nyingine, kwa nguvu, kisha akapiga kwa ngumi. Akaita jina lake na upepo ukalimeza. Mkoba ukaanguka, na lori lililokuwa nyuma yao likapita juu yake. Hapo ndipo alipomvuta kola mpaka pikipiki ikayumba na kusimama.

Walirudi kwa miguu. Nguo ya kijani ilikuwa matopeni, imechorwa tairi. Ndani yake ulikuwemo mkasi wa mama yake, alioukatia nguo miaka thelathini, kitu pekee alichomwachia. Ulikuwa umevunjika pale pini inaposhika, makali yamekunjika.

Sindano aliokota vipande vyote viwili.

"Hukunisikia?"

Dakika aliutazama mkono wake wa kushoto, umelala tu pajani kama kitu cha kuazima. Hapo ndipo pa kusema. Neno lilifika mdomoni. Lakini akawaza jinsi macho yale yatakavyogeuka, yaache kuwa ya mpenzi yawe ya muuguzi, akaona afadhali hasira.

"Nilikusikia."

"Nimegonga mara ngapi?"

"Nilikusikia, Sindano. Sikutaka kusimama. Tunachelewa."

"Tunachelewa wapi? Saa yenyewe iko juu ya mnara, haiendi popote."

Mwendo uliobaki mpaka mji wa jirani, Sindano alishika chuma cha nyuma ya siti, si kiuno cha mtu. Kwenye nyumba ya wageni mama wa mapokezi aliuliza, "Chumba kimoja?" Sindano akasema, "Viwili," na nguo zao zote mbili zinachuruzika maji sakafuni.

Jioni ile akapiga simu.

"Haloo, bibi harusi," aliitikia shangazi.

"Usinianze, shangazi. Mkasi wa mama umevunjika."

Akamsimulia yote.

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema alinisikia, hakutaka tu kusimama."

"Hilo si neno la kijana yule. Yule alikuja kwangu akaomba ruhusa hata ya kunywa maji."

"Watu wanabadilika."

"Wanabadilika, mwanangu, lakini si katikati ya barabara. Anza tangu nyumbani, huoni kitu?"

"Sioni. Kesho napanda basi."

"Panda, nitakuja kukupokea. Lakini kabla hujapanda, mtazame usoni. Siku sita unatazama mgongo."

Asubuhi kituo cha mabasi kilikuwa kimefurika. Wapagazi wanapishana na magunia, watoto wanalia, vipaza sauti vinataja miji ambayo hakuna aliyeielewa. Dakika alikuja na pikipiki, mizigo ya Sindano imefungwa nyuma. Shati lake lilikuwa na kifungo kilichoruka tundu, kola iko juu upande mmoja. Glavu ya kushoto ilikuwa imefumuka kwenye kidole gumba, na baridi ya mlima ilikuwa inatoa moshi midomoni mwa watu.

Sindano aliitazama glavu. Kazi ni kazi, hata ukiwa umekasirika. Akachomoa sindano yenye uzi kwenye pindo la kilemba.

"Lete mkono."

"Ngoja niivue."

"Usiivue, basi linaondoka. Lete."

Akawa anashona, kichwa chini. Dakika akatazama mabasi.

"Kitendawili," alisema.

Sindano akaendelea kushona.

"Kitendawili, Sindano."

"Haya, tega."

"Nina mtumishi, anakula nami, analala nami. Siku hizi nikimwita haitiki."

"Sijui."

"Nipe mji."

"Nikupe mji gani, yote tumeipita kwa pikipiki. Chukua huu huu wenye mvua."

"Nimeuchukua," alisema Dakika, lakini jibu hakulitaja.

Basi likapiga honi nyuma yao. Mkono wa Sindano ukashtuka, sindano ikapenya ngozi ya glavu ikaingia kwenye nyama chini ya kidole gumba, nusu nzima. Mshonaji anajua tofauti ya ngozi na nyama. Akanyanyua kichwa.

"Samahani, nimekuchoma."

"Hujanichoma," Dakika alisema, macho yake bado kwenye mabasi.

Damu ilikuwa inatoka, inafuata uzi.

Sindano akaichomoa. Akavuta glavu nyuma kidogo, akaweka ncha kwenye kifundo cha mkono, akakandamiza pole pole huku anamtazama usoni. Dakika hakupepesa. Sindano akaiona kola iliyopinda, akakiona na kile kifungo.

"Tangu lini?"

Dakika aligeuka. Aliiona damu, kisha akaiona sindano ilipo.

"Mwezi wa nne huu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka begani."

Akamgonga bega mara mbili. "Hapa?"

"Nakuona unagonga," alisema Dakika.

Watu walikuwa wanawapita wakiwagongagonga kwa mizigo. Sindano aliichomeka sindano tena kwenye kilemba.

"Umenipandisha nyuma yako, milimani, na mvua, kwa mkono uliokufa."

"Ndiyo."

"Ningeanguka nikafa hata sijui nimeuawa na nini."

"Ndiyo."

"Usiniitikie ndiyo ndiyo kama uko darasani. Sema kwa nini."

"Kwa sababu saa haitengenezwi kwa mkono mmoja. Kwa sababu uliipenda mikono kabla yangu, ulisema mwenyewe. Nilitaka uione ile saa, halafu palepale nikuache uende."

"Ndilo neno lenyewe?"

"Ndilo."

"Mimi nilidhani ni pete."

"Najua. Shangazi alinipigia kuniuliza kijani kinapendeza na viatu gani."

Hakuna aliyecheka.

"Ungeniambia hukunisikia," Sindano alisema, "ningelia kwa ajili ya mkasi, yakaisha. Umeniambia hukutaka kusimama, nimelia usiku kucha kwa ajili yako. Nani alikupa ruhusa ya kunichagulia kilio?"

Kondakta alitoa kichwa mlangoni. "Dada, unapanda au hupandi?"

Sindano aliutazama mlango wa basi. Ndani kulikuwa na siti moja tupu, karibu na dirisha, na mwisho wa njia shangazi anasubiri. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko Dakika alivyoweza kuvumilia, maana sasa hakujifanya tena kuwa anataka aende.

"Nenda salama, kaka," alimwambia kondakta.

Kisha akatia mkono mfukoni mwa Dakika akatoa ufunguo.

"Ni nzito," Dakika alisema.

"Nimeshona siti za pikipiki miaka tisa, kila moja naizungusha mtaa mzima kabla sijaikabidhi. Na hii naijua upana wake. Rudi nyuma."

Walianguka mara moja, palepale kwenye lango la kituo, kwenye dimbwi. Wapagazi watatu waliwainua huku wanacheka, mmoja akamwambia Dakika, "Bwana, shika sana, huyo dereva ana hasira." Akashika, kwa mkono ule mmoja unaoshika. Na jibu la kile kitendawili changu ni hilo: ni watu wa pikipiki moja, na safari hii mwanamume ndiye aliyeona mgongo. Aliuona una matope, unatetemeka kwa baridi, haugeuki.

Walifika mji wa mnara kabla ya adhuhuri. Saa ilikuwa kubwa kama walivyosimuliwa, rangi imebanduka, ndege wamejenga juu ya tarakimu. Walikaa ukingoni mwa barabara, kofia ngumu magotini. Sindano alimfungua kile kifungo akakifunga upya mahali pake. Dakika hakuuzuia mkono wake. Mishale miwili ikakutana juu, kengele ikapiga mara kumi na mbili, kifua kizima kikaitika.

"Sasa lile neno," Sindano alisema. "Liseme basi. Niambie niende."

Dakika akajaribu.

"Siwezi."

"Basi nina langu. Utakaa nyuma yangu?"

"Sindano, nina jambo lingine. Sitaki ulijue kwa kunichoma." Akauinua mkono wa kulia, akamwonyesha kidole cha mwisho. "Hiki kimeanza. Leo asubuhi."

Sindano alikishika kidole kile. Hakusema kitapona. Alikishika mpaka kengele ya robo saa ikapita.

"Nimekuuliza swali," alisema.

"Nitakaa."

Wakavaa kofia. Mbele yao kulikuwa na mipaka miwili ya kurudi, milima ileile, na mawingu yanajikusanya upya. Sindano alitia gia. Walipofika kwenye kona ya kwanza alisikia bega lake la kulia linagongwa: mara moja, ya pili, akangoja, ya tatu.

Kiunoni mwake mkono ule mwingine ulikuwa umefungwa kwa mkanda wa mizigo usije ukaponyoka. Akaachia klachi, akaufunika kwa kiganja chake, na kwa kuwa mwenye mkono asingeweza kusikia, akapaza sauti kuushinda upepo.

"Tazama chini."

"Naona," Dakika alisema.