Fundi Tu

Umewahi kumkana mtu unayempenda, kisha ukaketi kula chakula cha mchana kana kwamba hakuna kilichotokea? Binti wa mzee wa kanisa aliwahi. Na chakula chenyewe, nakwambia, kilishuka kooni kama mchanga.

Alikuwa muuza vitambaa katika duka la shangazi yake, kwenye mtaa ule ambao Jumamosi watu hubanana hata mkoba ulioubeba huna hakika kama bado ni wako. Siku aliyokutana na kijana wake alivaa gauni la kijani lenye vifungo vilivyovishwa kitambaa kilekile, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mara akaingia mrefu mmoja, koti la kazi limejaa mifuko, na kila mfuko umetoa ulimi wa waya.

"Dada, nataka kitambaa cheusi, chepesi, kinachopitisha sauti."

"Kinachopitisha sauti? Unamshonea nani, kasuku?"

"Spika."

"Wa bunge?"

"Wa kanisani. Yule wa bunge anasikika hata ukimfunika blanketi."

Shangazi, aliyekuwa amejifanya anakunja vitenge, aliangua kicheko. Binti akashusha jora. Kijana akainua pindo la kitambaa, akaliweka karibu na midomo, akapuliza taratibu. Pumzi zikapenya zikamgusa binti viganjani upande wa pili.

"Kinapitisha," kijana akasema.

Binti akapima, akakosea, akapima tena. Shangazi akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Kumbe kanisa lililomwita kijana kutengeneza vyombo vya sauti lilikuwa hilohilo la kina binti. Jumapili akawa anakaa nyuma kabisa, vifaa vya kusikilizia masikioni, vidole kwenye mitambo, macho kwa waimbaji wa sauti ya kwanza, aliposimama binti. Simu nazo zikaanza.

"Bi Futi, umelala?"

"Jua halijazama, nilale mimi kuku?"

"Basi sema neno moja, nijaribu spika ya simu."

"Neno."

"Inafanya kazi. Ongeza jingine, tamu zaidi."

Hivyo hivyo, mpaka moyo wa binti ukawa hauna pa kukaa.

Ila kijana alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto. Ukimsikia akitamka salamu tu, umeshajua. Na mjini pale watu wa ng'ambo walisemwa: eti wakali, eti ukiwapa kiti wanataka nyumba. Kijana alipomweleza binti jinsi alivyozomewa shuleni tangu mdogo, binti alimshika shavu, akamwambia, "Wewe ni sura ya Mungu, na mimi naipenda sura hiyo." Kijana aligeuka upande, akajifanya anatafuta bisibisi.

Sasa sikia lililotokea. Jumapili moja ibada ilikwisha, watu wakatoka. Mzee wa kanisa akaingia chumba cha wazee kuvua joho, binti akimsaidia vifungo, maana vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kukakamaa. Mkewe alikufa mapema. Huyu baba ndiye aliyemsuka binti nywele kwa mikono yake, vibaya lakini kwa upendo. Kumuumiza lilikuwa jambo ambalo binti hakulijua hata linaanzia wapi.

"Naona yule wa mitambo anakuzoea," mzee akasema. "Watu wa ng'ambo tunaimba nao, tunasali nao. Kuoana nao, hapana. Ni nani kwako?"

"Aa, Baba! Yule ni fundi tu."

Akaongeza na kicheko kidogo juu yake. Hakujua kwamba kipaza sauti kilichobanwa kwenye kola ya mzee hakijazimwa. Spika za kanisani zilikwisha kuzimwa, hakuna mwingine aliyesikia. Lakini kule nyuma, mwenye vifaa masikioni alisikia kila neno, hata kile kicheko.

Tangu hapo, binti akimpigia kijana, simu ikawa inaita, inaita, inakatika. Binti alikata vitambaa vifupi, wateja wakarudi kulalamika. Kila koti refu lililopita mlangoni lilimnyanyua kwenye kiti. Alitamani kusikia sauti ya kijana, hata ile ya asubuhi akiamka na mafua. Mwishowe, mchana mmoja, simu ikapokelewa.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Kipaza sauti cha baba yako kilikuwa wazi."

Binti akashika meza.

"Ya baba yako nayavumilia, nimekulia humo," kijana akasema polepole. "Lakini wewe uliniita sura ya Mungu. Sasa sura ya Mungu inafichwa chumbani?"

"Nilimwogopa Baba."

"Mama yangu naye alinionya, eti watu wa kwenu wana maringo. Nikamwambia, Mama, huyo nampenda, mzoee. Alininunia juma zima. Kisha akauliza unapenda rangi gani." Kisha akaongeza, "Nimepata kazi mji mwingine. Jumapili hii ndiyo ya mwisho. Kaa salama, Bi Futi."

Binti akalia juu ya jora la satini, likaingia madoa. Shangazi hakumgombeza.

"Mwanangu, baba yako huombea mataifa yote kila Jumapili. Mungu akimjibu kwa kumletea moja sebuleni, anafunga mlango. Nani atamwambia? Mimi simwogopi, lakini anayeolewa si mimi."

Jumapili ikafika. Ibada ilipokwisha, watu walitoka kama desturi yao: wa kwanza anasimama nje ya mlango, wa pili anampa mkono na kusimama kando yake, wa tatu vivyo hivyo, mpaka kila mmoja amemshika mwenzake mkono. Mzee alisimama karibu na mlango, binti kando yake. Kijana alitoka, begi begani. Akampa mzee mkono.

"Amani ya Bwana."

"Iwe nawe, fundi."

Akampa binti mkono bila kumtazama. Binti akaushika. Hakuuachia.

"Mstari umekwama!" mama mmoja akalalamika nyuma. "Kuna nini huko mbele, kunagawiwa kitu?"

"Niachie, watu wanatazama," kijana akanong'ona.

"Watazame."

"Binti yangu," mzee akasema, tabasamu la ibada bado usoni, "mwachie mwenzako, watu wapite."

 Binti akamgeukia baba yake, mkono wa kijana ungali mkononi mwake.

"Simwachii, Baba. Uliniuliza ni nani kwangu, nikakudanganya humo ndani mwa nyumba ya Mungu. Huyu si fundi tu. Huyu nampenda, na nataka kuolewa naye."