Bangili ya Ogari

Jumapili ile, hapa kwetu Nyacheki, tulikuwa watu wazima sita: mama mkwe wangu Nyanchama, mume wangu Bosire, Gesare aliyekuwa mjane wa Ogari kaka mkubwa wa Bosire, jirani yetu Ratemo ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, Koplo Joash aliyekuwa jeshini pamoja na Ogari, na mimi. Binti yangu Kerubo, wa miezi minne, alikuwa mgongoni. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alikuja na moyo mzuri. Hakuna aliyetaka baya.

Ogari alikufa Somalia, gari lao lilipokanyaga bomu mchangani. Sanduku lilikuja limefungwa, tukaombwa tusilifungue. Tulimzika nyuma ya nyumba yake, karibu na migomba. Alikuwa mtu mpole. Akija likizo alimtekea mke wake maji mtoni, na wanaume wakamcheka njiani: "Mwanajeshi mzima, ndoo kichwani." Naye akacheka nao. Aliweka kipande cha jani la mgomba juu ya maji ili yasimwagike, na akishayamimina kwenye pipa aliliacha jani likielea humo. Gesare alilipenda jani lile kuliko leso zote alizoletewa.

Jumapili hiyo Ogari alikuwa ametimiza mwaka tangu afe. Joash alileta bangili tatu za chuma cheusi, alizochongesha mjini Kisii. Zilikuwa na jina la Ogari na tarehe aliyokufa. Moja ya mama, moja ya Bosire, moja ya mjane. Ya mama alikuwa ameitanua kidogo, kwa kuwa siku ya mazishi aliona mikono yake imevimba, na hakusahau. Nilimpenda kwa hilo.

"Sisi tuliobaki tunavaa," Joash alisema, akatuonyesha yake. "Na haivuliwi. Ajue hajasahaulika nyumbani."

Akamvisha Gesare. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nikaona meno ya Gesare. Mama akaweka kikombe chini.

"Hicho ni chuma?"

"Ni chuma, mama. Hakishiki kutu."

"Nyanya yangu alivaa ebitinge," mama alisema. "Pete za chuma, mguuni. Mwanamke alizivaa mumewe akiwa hai. Mume akifa, alizivua kabla kaburi halijafunikwa, ili marehemu ajue hana mke tena huku. Sasa wewe, mwanangu, umemvisha mjane."

"Mama, hizo zilikuwa za mguu," Bosire alisema. "Hii ni ya mkono. Ogari hataitambua."

Tukacheka. Mama naye alicheka kidogo. Lakini ya kwake aliifunga kwenye leso.

Jumatano nilienda kwa Gesare kumwachia mtoto, nikachume majani chai. Tangu nijifungue alikuwa akinishikia Kerubo bila kuombwa. Nikakuta pipa lake limejaa hadi ukingoni.

"Nani amekutekea?"

"Nilidhani ni Bosire," alisema.

Bosire alikuwa amelala Nyamira kwa kazi. Basi nikamfikiria Ratemo, na nilipokutana naye njiani nikamshukuru.

"Unanishukuru kwa nini, Mama Kerubo?" alisema. "Mgongo huu wangu hata ndoo tupu hauinui."

Niliporudi nililitazama pipa vizuri. Jani la mgomba lilikuwa linaelea juu ya maji. Nikaingiza mkono hadi chini, nikatoka na mchanga. Udongo wetu ni mwekundu. Mchanga ule ulikuwa mweupe, mkavu katikati ya kiganja changu kilicholowa.

Ijumaa kulikuwa na kuni zilizopasuliwa na kupangwa mlangoni. Jumatatu ua ulikuwa umefagiliwa kabla ya mapambazuko. Gesare hakushangaa tena. Alikuwa akipika ugali wa watu wawili, na chakula cha pili alikifunika kwa sahani.

"Gesare, hicho ni cha nani?"

Akanivuta karibu na meko.

"Usimwambie mama," alinong'ona. "Mwanzoni alisimama kwenye migomba. Halafu kwenye pipa. Sasa anafika mlangoni, anabisha."

"Umemwona?"

"Naogopa kufungua. Kule kubisha kwake..." Akatazama mlango. "Si mkono ule ninaoujua, Mama Kerubo. Ni kitu laini."

Nikamshika kiganja nimvue bangili. Siku Joash alipoileta ilikuwa na uwazi wa kupitisha kidole. Sasa ilikuwa pete nzima. Nilitafuta kwa ukucha mahali ilipoungana. Sikupata.

"Ivue, dada yangu."

"Mwaka mzima," alisema, "hakuna mtu aliyeniuliza kama nimekula."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yakanilaza macho. Mimi ninakaa hatua hamsini kutoka kwake, na sikuwa nimemuuliza.

Nilimwambia mama. Hakunigombeza. Alikaa chini palepale uani.

"Hawezi kuingia mpaka akaribishwe," alisema. "Hata wafu wana adabu ya mji. Lakini akikaribishwa, atachukua mke wake aondoke naye. Kikatwe chuma hicho kabla hajaitikiwa."

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tulipotoka kanisani, tukamweka Gesare kwenye kiti sebuleni kwake. Alikubali. Alilia, lakini alikubali. Ratemo alikimbia kwake kuleta msumeno wa kukatia chuma. Bosire alishika mkono wa Gesare juu ya meza. Mama aliketi karibu naye, akiomba kwa sauti ya chini. Ilikuwa saa kumi alasiri, na mvua yetu ya kila siku ikaanza. Ilipiga mabati hadi tukawa tunasomana midomo.

Kerubo akaamka. Akalia. Nilisimama kumbembeleza, nikimpigapiga mgongoni, akili yangu yote kwake.

Mlango wa mbele ukabishwa.

Nyumbani kwetu mtu hanyeshewi nje. Nimefunzwa hivyo tangu nitambae. Nilijua Ratemo amelowa huko na msumeno wake. Mdomo wangu ulisema wenyewe, kama unavyosema kila siku.

"Soa."

Ingia.

Mama akageuka kunitazama. Wakati huohuo mlango wa jikoni, ule wa nyuma, ukafunguka. Ratemo akaingia akijipangusa maji usoni.

"Msumeno huu hapa," alisema.

Sote tulikuwa tunatazama mlango wa mbele.

Mlango wa mbele ulifunguka polepole. Nje palikuwa na mvua. Mvua tu. Kerubo akanyamaza. Alikuwa anatazama juu kidogo, pale uso wa mtu mrefu ungekuwa. Akatabasamu.

"Umelowa," Gesare alisema. Alisema taratibu, kama mke anavyomwambia mumewe. "Umekula?"

Kisha akaegemea kiti.

Bosire aliita jina lake. Akamtikisa. Mkono uliokuwa mezani ulikuwa baridi tayari, kana kwamba alikuwa amekufa tangu asubuhi. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kulikuwa na mstari wa mchanga mweupe. Kutoka kwenye kiti hadi mlangoni mistari ilikuwa miwili.

Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Mama hakunilaumu hata kwa jicho. Usiku wa matanga alinifunika shuka lake mwenyewe, akasema, "Ulikaribisha mtu kwenye mvua. Ndivyo tulivyokulea." Neno hilo jema liliniuma kuliko tusi.

Tulipokuwa tunamwosha Gesare, bangili ilifunguka yenyewe ikaanguka kwenye beseni. Uwazi wake ulikuwa umerudi, wa kidole kimoja. Mama akanipa niitupe kaburini. Tulimzika jioni, giza likiingia, nami nilikuwa nimembeba Kerubo mkono mmoja na taa mkono mwingine, na gauni langu halina mfuko. Kutoka mlangoni hadi kaburini ni hatua thelathini. Nikaivaa, isipotee kwenye nyasi.

Kaburini niliivuta. Nikavuta tena, watu wakiimba, haikutoka. Nikashusha mkono wa sweta.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Bosire sijamwambia. Leo ni Jumatatu, na nilipotoka nje alfajiri nimwogeshe mtoto, pipa langu lilikuwa limejaa. Juu ya maji kuna kipande cha jani la mgomba.